Mwafuata Nini Huko Juu?

Mwezi wa Januari tulikuwa Kiminini, wageni wa mwanafunzi wetu wa zamani afanyaye biashara ya mahindi. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti ule, fundi wa cherehani, alitusogelea akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake. Alikuwa amesikia kwamba kesho yake tutapanda Mlima Elgon. Akasema: "Sheikh wetu, huko juu hakuna msikiti, hakuna soko, hakuna mgonjwa wa kuzuru wala jamaa wa kutazamwa. Mwafuata nini?" Vijana watatu wa darsa letu tuliofuatana nao kutoka Mombasa wakacheka. Mzee hakucheka. Nasi tukasema kwamba ni matembezi tu, tukaagana naye.

Tumeona vema kuliandika jambo hili kwa sababu swali la mzee yule tumelisikia hata huku kwetu pwani, ila kwa maneno makali zaidi. Tuliporudi, ndugu mmoja alituambia barazani kwamba mtu aliyepita miaka arubaini, mwenye wanafunzi na watoto, akitumia siku nzima na fedha zake kupanda jabali na kushuka, huo ni upuuzi, na mwenye akili hujiepusha na upuuzi. Mwingine akaongeza kwamba mambo haya ni ya Wazungu, ambao kazi zao hufanyiwa na mashine na miguu yao ikakosa shughuli. Hatuzidharau hoja hizi. Aliyesema ya kwanza ni mtu wa kheri, na wakati wa mtu ni amana ambayo ataulizwa.

Ama hoja ya kwamba ni mambo ya Wazungu, hiyo haitushughulishi sana. Ibn Battuta, ambaye watu wa Mombasa twajivuna kwamba alifika kwetu mwaka 1331, alipofika kisiwa cha Sarandib alipanda mlima mrefu wa huko kwa miguu yake, na mahali pengine palikuwa na minyororo ya kushikia. (Alichokifuata juu yake, nacho ni alama ya unyayo katika jabali inayodaiwa kuwa ya Nabii Adam, sisi tusingefunga safari kwa ajili yake, lakini hiyo ni khabari nyingine.) Kupanda mlima si mali ya taifa moja.

Ama hoja ya upuuzi, hiyo yataka kutazamwa. Imamu Ghazali alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya kwa adabu za safari, na msingi alioujengea ni kwamba hukumu ya safari yafuata lile lililomtoa mtu nyumbani kwake. Mwenye kutoka kwa ajili ya elimu safari yake ni elimu, na mwenye kutoka ili asemwe kwamba ametoka, huyo hana ila kusemwa. Katika Sura ya Ghashiya tumehimizwa kutazama milima jinsi ilivyosimamishwa, pamoja na mbingu na ngamia na ardhi, na hakuna aliyesema kwamba kutazama huko ni lazima kuwe kwa mbali. Mtume wetu (s.a.w.) alisema juu ya Uhud kwamba ni mlima unaotupenda nasi twaupenda. Na Jabir amesimulia kwamba masahaba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbira, na walipokuwa wakishuka wakaleta tasbihi. Maana yake ni kwamba kupanda na kushuka vina dhikri zake, na kitu chenye dhikri yake hakiwi upuuzi kwa asili yake. Huwa upuuzi kwa mwenye kukifanya.

Kwa hiyo kwa upande wa sharia hatukuona tabu, wala hatuioni sasa. Siku ya mapumziko yenye kutia mwili nguvu na kumtanabahisha mtu juu ya udogo wake ni katika mambo ya halali, na huenda ikawa zaidi ya halali. Tulitoka Kiminini tukiwa na yakini hiyo. Tabu ilikuwa mahali pengine, nasi hatukuiona mpaka tulipokaribia kilele.

Kwa msomaji asiyeijua nchi hiyo, Kiminini ni mji mdogo kusini mwa Kitale, katika barabara iendayo Webuye. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, udongo wake mwekundu, na asubuhi baridi yake humfanya mtu wa pwani atie mikono makwapani. Ukisimama nje ya mji waona vilima vya Cherangani mashariki, na magharibi waiona Elgon. Mlima huu haujionyeshi. Chini yake ni mpana sana, yapata kilomita 80 kutoka upande mmoja hata wa pili, na kwa sababu hiyo hupanda polepole kama mgongo wa nyangumi, hata mgeni akadhani ni kilima kirefu tu. Ulikuwa volkeno mamilioni ya miaka kabla ya Kilimanjaro kuzaliwa. Sasa katikati yake pamebaki shimo kubwa la mviringo, upana wake kiasi cha kilomita 8, na vilele vyake vimesimama ukingoni mwa shimo hilo kama meno. Kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, kilicho Uganda. Nacho Koitoboss, tulichokusudia sisi, kiko upande wa Kenya, nacho ni mita 4,222.

Tuliondoka saa kumi na nusu ya usiku. Tukasali Alfajiri Endebess, na hapo tukamkuta mchukuzi wetu akitungoja, kijana wa miaka kama ishirini na miwili. Alikuwa ametafutiwa na mtu mmoja wa pale ambaye mwenyeji wetu alizungumza naye kwa simu, na ujira tulikwisha kumpa mtu huyo tangu juzi yake. Kijana alipanda nyuma ya gari pamoja na mizigo. Tukaingia hifadhini kwa lango la Chorlim, tukapewa askari wa kufuatana nasi kwa ajili ya nyati na tembo, na gari likapanda msituni.

Katika msitu huo mna mapango ambayo tembo huingia usiku, katika giza tupu, wakapapasa njia kwa mikonga na kuvunja miamba kwa pembe ili walambe chumvi iliyomo. Kitum ndilo mashuhuri zaidi. Tembo mmoja hakuanzisha jambo hilo; ni urithi wa vizazi kwa vizazi, mama humfundisha mtoto. Hatukusimama hapo asubuhi ile, na twajuta, maana jambo kama hilo mtu aweza kulifikiria mwaka mzima.

Barabara ilipokwisha, kiasi cha mita 3,500, tulishuka tukaanza kwenda kwa miguu. Ilikuwa saa tatu. Wallahi hatujapata kuona siku kama ile. Hapakuwa na wingu hata moja lenye ukubwa wa kiganja. Umande ulikuwa umeganda usiku juu ya majani, na jua lilipoyafikia yakametameta yote kwa pamoja, kisha kwa muda wa dakika chache yakawa maji. Miti ilikuwa imekwisha. Mahali pake pamesimama mimea ya ajabu, mingine shina lake nene kama mnazi mchanga na kichwa chake kama kabichi kubwa, mingine kama mnara wa manyoya uliosimama peke yake katika majani. Maua makavu meupe yalikuwa kila mahali, yakilia chini ya viatu. Na kimya! Sisi wa mji wa kale tumezoea kusikia mlango wa jirani, mkokoteni, mwadhini, redio ya mkahawani. Huko hatukusikia ila pumzi zetu. Nazo zilikuwa fupi, kwani katika kimo kile hewa ni kama sehemu tatu tu katika tano za ile tuivutayo pwani. Kila hatua ishirini tulisimama, tukijifanya twatazama mandhari.

Vijana walikuwa mbele. Askari alikuwa pamoja nao. Nyuma yetu alikuwa mchukuzi, naye alikwenda kwa mwendo mmoja bila ya kusimama, na sisi tuliposimama yeye alingoja. Alibeba maji ya watu wote, vyakula, sufuria, koti letu zito, na vitabu viwili ambavyo twaona haya sasa kusema kwamba tulivichukua. Kwa kukisia ilikuwa zaidi ya frasila moja. Tulimwuliza jina lake na kama ana wazazi. Hatukumwuliza zaidi.

Njiani tulizungumza na vijana khabari za watu waliotangulia mlimani humo, na hapa twataka msomaji atusikilize, kwani khabari hizi ni zake. Mwaka 1890 Waingereza wawili, Frederick Jackson na Ernest Gedge, waliokuwa watu wa Kampuni ya Imperial British East Africa, walivuka shimo la mlima huu pamoja na msafara wao. Kilele kimoja kimeitwa kwa jina la Jackson hata leo. Msafara huo ulitoka Mombasa. Waliobeba mahema yake na unga wake na risasi zake walikuwa wapagazi wa pwani, watu wa kwetu, Waislamu wengi wao, na mzigo wa mpagazi siku zile ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Walilala katika baridi ile kwa shuka moja. Majina yao hayakuandikwa juu ya kilele chochote. Na kabla ya hapo, Mei mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro na wenye elimu wa London wakakataa kumsadiki, aliyemwongoza hadi huko alikuwa mtu wa pwani, Bwana Kheri, ambaye njia ile aliijua tangu zamani. Huyo angalau jina lake limesalia.

Tuliyasema haya kwa uchungu, na vijana wakasikitika pamoja nasi, na kila mmoja akasema neno lake juu ya dhulma ya historia. Na nyuma yetu, hatua kumi, palikuwa na mtu aliyebeba koti letu.

Msomaji amekwisha kuona. Sisi hatukuona. Hivyo ndivyo moyo ulivyo: huona mpagazi wa mwaka 1890 kwa uwazi kabisa.

Koitoboss ni jabali lililosimama wima, juu yake bapa kama meza. Chini yake kuna mahali pa tambarare, na kutoka hapo njia yazunguka na kuingia katika ufa wa mwamba hata kileleni. Tulifika tambarare hiyo karibu na saa sita. Tukasema kwamba mizigo ibaki hapo, na mchukuzi akae nayo, kwa sababu kunguru wa huko ni wezi. Tukasema hivyo kama mtu asemavyo "funga mlango." Mdogo wa wanafunzi wetu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema jambo la maana, akatutazama akasema: "Maalim, na huyu je? Amefika mpaka hapa na mzigo wetu, asifike juu?"

Damu ilitupanda usoni. Tulikumbuka kwa mara moja hadithi ya Abu Dharr, ambayo tumeisomesha pengine mara hamsini: kwamba wanaowahudumia ni ndugu zenu, basi muwalishe mnachokula na kuwavisha mnachovaa, na msiwatwike yawashindayo, na mkiwatwika muwasaidie. Tulikumbuka kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar aliyeingia Baitul Muqaddas akipokezana ngamia na mtumishi wake. Mara tukaona njia ya kujitoa katika aibu ile, na kwa hakika ilikuwa njia nzuri ya kusimuliwa. Tukamwambia kijana: "Mwanangu, nenda wewe pamoja na hawa. Sisi tutabaki na mizigo." Tulikaa chini juu ya jiwe, na tukakiri nafsini mwetu kwamba tumefanya jambo kubwa. Hata warusha mishale wa Uhud tuliwakumbuka, walioambiwa wasiondoke kilimani mwao, tukasema basi sisi hatutaondoka.

Kijana akacheka, si kwa ubaya. Akasema: "Asante Sheikh, lakini mimi huko juu nimefika mara nyingi. Nilipokuwa mtoto tulikuja na babu kutafuta ng'ombe waliopotea. Nenda wewe, umetoka mbali." Kisha akasema kwamba lau tungempa ruhusa angependa kuvua viatu na kula kitu, kwa sababu alitoka kwao saa tisa za usiku na hakuwa amekula.

Tangu saa tisa! Mkate na mayai na maandazi ya mahamri aliyotupikia mke wa mwenyeji wetu yalikuwa mgongoni mwake tangu asubuhi, nasi tulikuwa tumekula mara mbili njiani tukisimama, tukimpa chai. Chai tulimpa. Chakula kila mmoja alidhani mwingine amempa. Akavua viatu, navyo vilikuwa viatu vya mpira vya shule, na soksi zimelowa umande tangu saa tatu.

Wanafunzi walitangulia juu na askari. Sisi tulikaa naye kiasi cha nusu saa naye akila. Ndipo tulipouliza yale yaliyokuwa yapasa kuulizwa Endebess. Alituambia kwamba nyanya yake alizaliwa mlimani, upande wa Chepkitale, katika majani yale ya juu ambayo mgeni huyaona akasema ni nyika isiyo na mtu. Watu wake walikuwa wakifuga humo na kurina asali katika msitu wa mianzi, na baadhi yao waliishi mapangoni na ng'ombe wao. Kisha walishushwa. Jambo hili si siri: mwaka 1968 hifadhi ya taifa ilitangazwa, mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa makazi wa Chebyuk chini ya msitu ili kuwahamishia watu wa juu, na ugomvi wa ardhi ya huko ndio uliozaa kundi lenye silaha ambalo jeshi lilikwenda kulipiga mwaka 2008, na raia wakaumia pande zote mbili. Chepkitale yenyewe ilifanywa hifadhi mwaka 2000, na mwezi wa Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikawapa haki Waogiek wa huko. Kijana hakueleza mambo haya kwa hasira. Alieleza kama mtu aelezaye njia ya kisimani.

Tulikuwa tumekisifu kimya cha mlima ule tangu asubuhi. Tuliwaambia vijana kwamba mahali hapa Mwenyezi Mungu amepahifadhi na kelele za wanadamu. Sasa tulijua kwamba sehemu ya kimya hicho ilikuwa na tarehe yake.

Tukamwuliza juu ya ujira. Alisita, kisha akataja. Ulikuwa chini ya nusu ya kile tulichompa yule mtu wa kati.

Hapa kuna mas'ala, nasi tungependa wenzetu wayatazame. Mtu aweza kusema, na kwa sharia asema sawa, kwamba sisi tulifanya mapatano na mtu wa kati, tukamlipa kwa ukamilifu. Naye akafanya mapatano na kijana, akaridhika. Na Waislamu hufungwa na masharti yao. Hapana aliyeghusubiwa. Mchuuzi anunuaye samaki Shimoni na kumwuza Mombasa kwa bei ya maradufu hatusemi amemdhulumu mvuvi. Kwa kadhi mambo yamekwisha hapo. Lakini sisi hatukuwa mbele ya kadhi, tulikuwa mbele ya mtu mwenye soksi mbichi, na swali lililotuchoma halikuwa "Je, tunadaiwa?" Lilikuwa "Kwa nini hatukuuliza?" Tuliuliza khabari ya hali ya hewa. Tuliuliza kama viatu vyetu vyafaa. Tuliuliza, kwa urefu, mwelekeo wa kibla juu ya mlima. Vyote hivyo tuliviuliza kwa sababu vyatuhusu. Ujira wa mchukuzi na chakula chake na nyumba ya nyanya yake hatukuvificha wala kuvikataa. Tuliviacha tu nje ya mambo yanayoulizwa.

Nasi twaona kwamba hapa ndipo ilipo hukumu ya matembezi, wala si katika kupanda na kushuka. Starehe ya halali hukaa juu ya kitu, kama nyumba ikaavyo juu ya msingi, na mwenye kustarehe hakukatazwa kustarehe, ila anapoacha kwa makusudi kutazama starehe yake imekaa juu ya nini, hapo ndipo inapoharibika mikononi mwake, hata ikiwa siku ni nzuri na nia yake ni kutafakari. Mtu aliyelazimishwa na haja, mwenye kwenda kutafuta dawa au riziki, huenda akasamehewa kutouliza, kwa kuwa haja imemshika macho. Sisi hatukuwa na haja yoyote. Tulikuwa na siku nzima, na hewa safi, na darubini. Nani atakuwa na wasaa wa kuuliza kama si mtu kama huyo?

Kuna ndugu atakayesema: basi msiende. Tumelifikiri hilo pia. Kama tusingekwenda, kijana angekosa hata ule ujira wake mdogo, na sisi tungebaki tukisikitikia wapagazi wa mwaka 1890. Kutokwenda ni kwepesi, na hakumlishi mtu. Huko Kilimanjaro, kwa mfano, wasimamizi wa hifadhi wameweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mchukuzi, na mizigo hupimwa langoni. Si jambo kubwa, lakini ni alama kwamba mtu fulani aliuliza. Sisi tulikuwa na mizani ya kupimia mahindi nyumbani kwa mwenyeji wetu, na haikutujia hata kidogo kupima mzigo ule.

Kijana alipokwisha kula alilala juani, kofia usoni. Akatuambia tena twende. Tukapanda.

Hatutaificha nafsi: tulipotokea juu tulisahau yote kwa muda. Takbira ilitutoka wenyewe. Shimo lote la mlima lilikuwa chini yetu, kijani na dhahabu, na vilele vya upande wa pili, Mubiyi na Wagagai, vimesimama karibu kiasi cha kudhani waweza kumwita mtu aliyeko huko. Maji ya ndani ya shimo hukusanyika yakatoka kwa korongo la mashariki, yakawa Mto Suam ugawao Kenya na Uganda, kisha Turkwel, kisha yakaishia Ziwa Turkana lisilo na njia ya kutokea. Na maji ya mgongo wa nje, tulikotoka sisi, huteremka kuingia Nzoia, na kutoka Nzoia huingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo Mto Nili, hata Misri na bahari yake. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache baina yao, moja likafia jangwani na jingine likapita chini ya madaraja ya Kairo. Tulisimama juu ya mpaka huo tukiwa na upana wa jamvi tu. Katika Sura ya Israa mwanadamu ameonywa asitembee duniani kwa majivuno, kwani hataipasua ardhi wala hatafikia milima kwa urefu. Tumeijua aya hiyo tangu chuoni, na tulidhani ni ya wanaotembea sokoni wakiburura nguo.

Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, sisi na vijana watatu, askari ameketi kando. Kibla pwani kwetu ni kaskazini barabara. Huko huinama kidogo mashariki. Upepo ulikuwa mdogo sana hata karatasi ya mahamri haikuruka.

Kushuka kulikuwa kwepesi. Koti tulilivaa na vitabu tulivibeba sisi wenyewe, na vijana waligawana maji na sufuria, mchukuzi akabaki na kapu tupu, jambo ambalo lilionekana kumsumbua kidogo, maana alipenda kazi yake na hakutaka ionekane hakuifanya. Twasema hili ili asije mtu akadhani tuliyatengeneza mambo kwa namna ya hekima. Tuliyatengeneza kwa haraka na haya. Kabla ya kufika langoni tulimpa mkononi mwake kile kilichopungua, kwa fedha zetu, na tukamwambia kwamba si sadaka. Alihesabu mbele yetu, na tulifurahi kwamba alihesabu. Mwanafunzi mmoja alitaka tumfuate yule mtu wa kati tumdai. Tukamkataza usiku ule, kwa sababu mapatano yalikuwa mapatano. Lakini tukaandika kwamba safari nyingine, inshallah, ujira utatolewa kwa mwenye mgongo, na wa kumtafuta atapewa chake mbali.

Tulifika Kiminini baada ya Magharibi, miguu imevimba na nyuso zimeungua. Mzee fundi wa cherehani alikuwa barazani kwa mwenyeji wetu, na kwa dhahiri alikuwa akitungoja. Tulikaa chini tukamsimulia yote kwa utaratibu: umande, na shimo, na maji yaendayo Misri, na swali la mwanafunzi mdogo, na viatu vya mpira, na ujira. Tulisimulia vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Kisha akauliza:

"Na huyo kijana wa watu, amefika kwao?"

Tulikuwa tumemteremsha njia panda ya Endebess, pale pale tulipomkuta alfajiri, giza likiingia. Kutoka hapo hadi kwao hatukuwa tumeuliza ni mbali kiasi gani.